Meno ya kahawia: kabla ya kuyasugua, ujue rangi imetoka wapi



Kila mchimbaji anajua kanuni hii: hatuugongi mwamba kabla ya kuutazama. Kwanza fundi anaupima kwa mtarimbo na kusikiliza sauti yake, ndipo kazi inaanza. Anayegonga bila kupima anaweza kuangukiwa. Leo tunawaomba muitumie kanuni hiyo hiyo mbele ya kioo, mnapotazama meno yenu.

Siku hizi, mjini Goma kama katika miji mingine, vitu vya kung'arisha meno vinauzwa dukani, sokoni na hata kwa njia ya simu. Kuna dawa ya meno iliyoandikwa kwamba inaleta weupe kwa siku chache. Kuna unga mweusi wa makala katika kikopo kizuri. Kuna jeli, kanda za kubandika kwenye meno, na taa ndogo ya bluu ya kuuma mdomoni. Watu wananunua, maana doa la kahawia kwenye meno linatia haya. Kijana anaziba mdomo kwa mkono anapocheka. Msichana anapigwa picha midomo imefungwa.

Haya hiyo ni ya kweli, wala hatuicheki. Lakini wengi wanaotoa franga zao hawapati walichotafuta, na wengine wanaumia. Sababu ni kwamba rangi ya meno ina asili nyingi, na dawa inayofaa asili moja haifai nyingine. Na hapa kwetu, chini ya Nyiragongo, asili moja ni maji tuliyokunywa tukiwa wadogo.

TUCHUKUE MFANO

Tuchukue mfano wa nyumba moja kama nyingi tunazozijua. Baba anafanya kazi kwenye machimbo, mama anauza unga sokoni. Wanakaa upande wa Rusayo. Maji yao ni ya mvua, yanayoshuka kutoka kwenye mabati mpaka kwenye tangi. Binti yao mkubwa ana miaka 19. Meno yake ya mbele yana mistari myeupe kama chaki, na katikati madoa ya kahawia. Mwezi ujao jamaa ya mchumba wake wanakuja kuleta mahari.

— Mama, anasema, nisaidie franga kidogo ninunue jeli ya kung'arisha meno. Sitaki wakwe wanione hivi.

— Mwanangu, ulisugua makala mwezi mzima. Doa liliondoka?

— Hapana, Mama. Ndiyo maana nataka kitu chenye nguvu zaidi.

Anainunua. Karatasi inasema dakika 30. Yeye analala nayo usiku kucha ili ifanye kazi haraka. Asubuhi fizi zake zimebabuka na kuwa nyeupe, na chai ya moto inamchoma kama sindano. Madoa ya kahawia yako pale pale, na ile mistari myeupe inaonekana hata zaidi kuliko jana. Na wakati analia mbele ya kioo, mdogo wake wa miaka miwili anakunywa kikombe cha maji kutoka kwenye tangi lile lile.

Katika mfano huu kuna makosa mawili. La kwanza ni la binti, na kila mtu ameliona. La pili ni kubwa zaidi, na hakuna aliyeliona. Tuyaeleze yote mawili.

JINO LIMEJENGWA NAMNA GANI

Jino lina gamba la nje linaloitwa enameli. Ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mtu, hata mfupa. Lakini ni chembamba: mahali penye unene mkubwa hakipiti sana milimita 2 na nusu, na karibu na fizi ni chembamba zaidi. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo rangi yake ni ya manjano kidogo. Katikati kabisa kuna damu na mishipa ya fahamu.

Shika neno hili moja: enameli ikiisha, haiotI tena. Ngozi ikikatika inajifunga. Mfupa ukivunjika unaunga. Enameli iliyosuguliwa ikaondoka, imekwenda moja kwa moja.

Rangi ya meno inatoka mahali patatu.

1. Juu ya jino. Hii ni rangi ya chai, kahawa, tumbaku, na ukoga ulioganda. Imekaa nje, kama matope juu ya kiatu.

2. Umri. Miaka inavyopita, enameli inapungua na manjano ya dentini yanaonekana zaidi. Huo si ugonjwa.

3. Ndani ya jino. Rangi hii iliingia jino lilipokuwa linatengenezwa, au baada ya jino kupigwa. Mtoto mdogo aliyepewa dawa ya tetrasiklini anaweza kuota meno yenye mistari ya kijivu au kahawia. Kwa hiyo dawa hiyo haipewi mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8 bila amri ya munganga. Jino moja lililogeuka jeusi baada ya pigo la ngumi, la mpira au la chuma huenda limekufa ndani, na linahitaji daktari. Na hapa kwetu kuna madoa yanayoletwa na floridi, madini yaliyomo ndani ya maji.

Utajuaje madoa ya floridi? Kwa kawaida jino linatoka nayo kwenye fizi. Hayaji mtu akiwa mzima. Yanashika meno mengi, na ya upande wa kulia yanafanana na ya upande wa kushoto. Yakiwa mepesi ni mistari au mawingu meupe. Yakiwa mazito yanakuwa ya kahawia, na enameli inaweza kuwa na vishimo. Jino lililooza ni jambo jingine: mara nyingi ni doa la mahali pamoja, linalainika, linatoboka, mwishoni linauma.

VITU VYA DUKANI VINAFANYA KAZI GANI

Vyote vinaingia katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni vitu vinavyosugua. Dawa nyingi za meno zinazoahidi weupe, na unga wa makala, ni za kundi hili. Zinaondoa rangi ya juu ya jino tu. Rangi ya ndani haziigusi, kama vile kuosha dirisha hakubadilishi rangi ya ukuta wa chumbani. Na unga wenye chembe kali unakula enameli pamoja na doa. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha uchunguzi wa maandiko yote juu ya makala ya meno. Waliouandika hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba makala yanang'arisha meno wala kwamba ni salama. Na enameli ikipungua, dentini ya manjano inajitokeza. Ndiyo maana mtu anaweza kusugua kwa makala mwaka mzima, na mwisho meno yake yakawa ya manjano kuliko mwanzo.

Kundi la pili ni vitu vyenye peroksidi. Ni ndugu ya maji ya oksijeni, yale yanayotoa povu juu ya kidonda. Kwenye karatasi utasoma kwa Kifaransa peroxyde d'hydrogène au peroxyde de carbamide. Peroksidi inapenya ndani ya enameli na kuvunja chembe za rangi. Hiyo kweli inafanya kazi, hasa kwa manjano ya umri na ya chai. Madoa ya floridi inaweza kuyapunguza kidogo, lakini yale mazito haiyaondoi, na mwanzoni inaweza kuzidisha weupe wa mistari. Haibadilishi rangi ya jino bandia wala ya jino lililozibwa. Na ile taa ya bluu inaongeza kidogo sana, au haiongezi kitu.

Peroksidi kali inachoma fizi na kufanya jino lihisi baridi na moto. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012 nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria: kitu chenye peroksidi ya hidrojeni zaidi ya asilimia 0.1 hakiuzwi ovyo kwa mtu. Kuanzia hapo mpaka asilimia 6 kinapita mikononi mwa daktari wa meno, na hakitumiwi na mtu wa chini ya miaka 18. Sokoni kwetu kikopo kinaweza kukosa hata kiasi kilichoandikwa. Kikopo kisicho na maandishi ya kilichomo, au kilichopita tarehe yake, ukirudishe kwa mwuzaji.

VITU VYA KUTOTIA MDOMONI KAMWE

— Mchanga, majivu, unga wa tofali. Hivi ni vya kusugulia sufuria.

— Ndimu na siki. Uchungu wao unalainisha enameli, na ukisugua papo hapo unaiondoa kama udongo uliolowa. Hata ukila machungwa au kunywa soda, suuza mdomo kwa maji, ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

— Maji ya Javel. Haya ni ya choo na nguo nyeupe. Mdomoni yanachoma, na yakimezwa yanaunguza koo.

— Maji ya batri. Kuyatia mdomoni ni kujiua. Na tunaongeza neno kwa wale wanaofanya kazi mahali pa kuchaji batri: hata mvuke wa asidi, siku baada ya siku, unakula meno ya mbele. Fungueni madirisha, vaeni kinga ya pua na mdomo, na mkiona ncha za meno zinapungua, mwambieni kapita na munganga wa kazi.

MJI WA MACHIMBO ULIOTUFUNDISHA

Sasa twende kwenye kosa la pili, lile la tangi. Ili tulielewe, tusikilize habari ya wachimbaji wenzetu wa mbali.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Alikuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Kila mtu alikuwa na sababu yake: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alifuata jambo hilo kwa miaka mingi, akaanza kuyashuku maji.

Katika jimbo la Arkansas kulikuwa na mji mdogo unaoitwa Bauxite, mji wa wachimbaji wa kampuni ya alumini. Mwaka 1909 mji ulianza kunywa maji ya visima virefu. Watoto waliokua baadaye wakaota meno ya kahawia, na katika mji wa jirani watoto walikuwa wazima. Habari ilipofika kwa mkuu wa wakemia wa kampuni, H. V. Churchill, alikuwa na sababu ya kuhangaika: watu walikuwa wakisema sufuria za alumini ni sumu, na sasa mji wa alumini una meno mabaya. Mwaka 1931 maji yakapimwa kwa chombo cha kisasa. Kosa halikuwa la alumini. Maji yalikuwa na floridi miligramu 13.7 katika lita moja.

Mji ulikuwa umekwisha kubadili maji yake mwaka 1928. Wachunguzi walirudi baada ya miaka 10. Wakubwa walibaki na madoa yao, maana hakuna maji yanayofuta kilichoandikwa ndani ya enameli. Lakini meno ya wadogo waliokua na maji mapya yalitoka bila madoa yale.

Hapo ndipo penye somo lote. Hakuna aliyeokolewa kwa kusugua. Waliookolewa ni watoto, na waliokolewa kwa kubadilishiwa maji.

KWETU, CHINI YA VOLKANO

Nyiragongo na Nyamulagira havitupi moto peke yake. Siku zote moshi wao hubeba gesi, na mojawapo ina floridi ndani yake. Mvua ikipita katika moshi huo inaichukua, na majivu yakianguka juu ya mabati yanaongeza. Upepo mara nyingi unausukuma moshi kwenda magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi. Na kwa kuwa mji wa Goma na kandokando yake umekaa juu ya mawe ya lava yanayomeza maji, mito haipo, na watu wanategemea ziwa, bomba na mvua. Chemchemi zinazotoka katika mawe ya volkano nazo zinaweza kuwa na floridi nyingi.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Watafiti waliopima maji kandokando ya volkano hizi wamekuta mahali ambapo mpaka huo umepitwa. Hatuko peke yetu. Wenzetu wa Arusha, chini ya mlima Meru, na wa Nakuru huko Kenya wanayajua madoa haya tangu zamani, maana nao wanakaa juu ya Bonde la Ufa na volkano zake.

Floridi yenyewe si adui kila mahali. Kidogo chake kinalinda meno yasioze, ndiyo maana imo ndani ya dawa ya meno. Ubaya ni kuzidi, hasa kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi. Kazi hiyo inaanza karibu na kuzaliwa na inaendelea mpaka karibu miaka 8. Kwa meno ya mbele, miaka mitatu au minne ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Nayo floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, inaumiza hata mifupa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Maji bora kuliko yote nyumbani ni ya mtoto mdogo. Kama mna maji ya namna mbili, yale ya mvua yatumieni kwa kufua na kuoga, na yale yaliyopimwa yawe ya kunywa na kupikia watoto.

2. Moshi wa volkano ukielekea kwenu au majivu yakianguka, ondoeni mfereji kwenye tangi. Baadaye osheni mabati na kuacha mvua ya kwanza imwagike. Hilo linapunguza tu, maana mvua yenyewe inaweza kuwa imebeba floridi toka juu.

3. Msidanganyike na kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, nako ni lazima, lakini floridi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Klorini haiitoi. Makala ya kupikia hayaitoi. Kinachoitoa ni chujio maalum, kama lile la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa linalotumika kwenye kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Mifupa hiyo inachomwa kwa kipimo; si kazi ya kubahatisha jikoni.

4. Mama anyonyeshe. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji maji mengine.

5. Chai ya rangi nzito si kinywaji cha mtoto mdogo. Majani ya chai nayo yana floridi.

6. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele; wa miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi asimame karibu, na mtoto ateme.

7. Jirani wakubaliane kuomba maji yapimwe kwa ofisi ya afya au ya maji. Kipimo kimoja kinahudumia mtaa mzima.

KWA YULE ALIYEKWISHA KUWA NA MADOA

Usikate tamaa, wala usijiadhibu. Kabla ya kununua kitu chochote, onana na munganga wa meno akuambie rangi yako ni ya namna gani. Mara nyingi kusafishwa ukoga kwake kunatosha, na kunaweza kugharimu chini ya dawa ulizokwisha kutupa. Kwa madoa ya floridi ana njia zake: kusugua kidogo sana kwa kipimo, kung'arisha chini ya uangalizi, au kufunika jino kwa utomvu wa rangi ya meno.

Kama munganga amekubali utumie jeli nyumbani, fuata masharti haya. Mashimo yazibwe kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Weka kiasi kidogo kisichogusa fizi. Usizidishe dakika zilizoandikwa hata moja. Meno yakiuma, acha. Maumivu madogo ya baridi na moto kwa kawaida yanaisha kwa siku chache. Yakiendelea, rudi kwa munganga.

Tumrudie yule binti wa mfano wetu. Fizi zake zitapona. Siku ya mahari itafika, na wakwe watamkuta na meno yale yale, ambayo pengine hata mama mkwe anayo, kama alizaliwa chini ya mlima huu. Lakini kama usiku ule baba na mama walikaa pamoja wakalitazama tangi, na asubuhi wakatafuta maji mengine kwa kikombe cha yule mdogo, basi nyumba ile imepata faida kubwa kuliko jeli yoyote ya dukani.

Pima kabla ya kugonga. Jua kabla ya kusugua. Na maji mazuri, mpe mtoto kwanza.